Sura ya Sita: Miungu Hufika Baada ya Ushindi

Kutoka Section 58 kwenda Hyrax Hill si safari ya kupangia siku. Ni upande huohuo wa mji wa Nakuru, pembeni mwa barabara kuu ya Nairobi. Ukishalipa kiingilio kwenye jumba dogo la makumbusho, unapanda kilima kwa miguu yako. Wageni wengi huja kuangalia makaburi ya kale na mabonde ya makao ya Wasirikwa, ambako Mary Leakey alifukua mwaka 1937 na 1938. Kinachonisimamisha mimi ni mwamba uliochongwa bao. Safu za vishimo zimepangana juu ya jiwe, kila kimoja kikitosha kokwa chache, na kingo zimelainika hata kidole kinateleza. Kwa hiyo watu walikaa hapa, wakatia kete, wakabishana, wakala na kuliwa.

Nimeanza na jiwe hilo kwa sababu kuna utendi mmoja wa Afrika ambamo binadamu anakaa kucheza kamari na mungu, anapoteza kila kitu, kisha anamfilisi mungu mwenyewe. Ni utendi wa Mwindo, wa Wanyanga wa upande wa Walikale, mashariki mwa Kongo. Mchezo wao si bao bali ni wa kurusha mbegu ziitwazo wiki. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliusimulia, akauimba na kuucheza kwa siku 12, huku maneno yake yakiandikwa. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Anayedhani kwamba tendi zenye miungu ni mali ya Wagiriki na Wahindi peke yao aanzie hapo.

Shuleni tulifundishwa kwamba miungu imo katika tendi ili kueleza yale yaliyowashinda watu wa kale: radi, tauni, ushujaa uliopita kiasi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatufikishi mbali. Mungu anayemsaidia shujaa kushinda ni rahisi kumwelewa, maana hakuna jeshi lililowahi kushinda likakosa kudai kwamba lilikuwa naye. Mungu anayestahili kuchunguzwa ni yule anayerudi vita vikiisha, akiwa ameshika daftari la deni.

Tumtazame Mwindo kwa karibu. Baba yake, Shemwindo, mtemi wa Tubondo, ameapa kwamba wake zake wazae mabinti tu, kwa kuwa mabinti huleta mahari. Mwindo anazaliwa mwanamume, anatembea na kusema siku hiyohiyo, mkononi ana mgwisho wenye nguvu. Baba anamtupia mikuki, haimpati. Anamzika hai, mtoto anatoka kaburini. Anamtia ndani ya ngoma na kuitosa mtoni, na ngoma inamfikisha kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, joka la maji. Mtoto akirudi kudai haki, jeshi lake linapigwa. Hapo anaita. Anamwimbia Nkuba, bwana wa umeme, naye Nkuba anashusha radi saba na Tubondo yote inageuka majivu.

Hadi hapo hatuna jipya. Mungu ameegemea upande mmoja, upande wake umeshinda. Shemwindo anakimbilia kuzimu, Mwindo anamfuata, na huko chini utendi unaanza kufurahisha kwa namna ambayo Homer hakuwahi kuthubutu. Muisa, mwenye kuzimu, anampa kazi zisizowezekana, kama vile kulima shamba la migomba na kuvuna ndizi siku moja. Kahindo, binti wa Muisa, ana vidonda mwili mzima. Mwindo anamwosha vidonda, naye anamfumbulia siri za nyumba ya baba yake: ukikaribishwa kiti usikikalie, ukipewa pombe usiinywe. Muisa anaishia kuchapwa. Baadaye ndipo inapokuja kamari na mungu mwingine, Sheburungu. Mwindo analiwa mali, watu na mifugo, anabaki na mgwisho wake tu. Anauweka rehani. Kutoka hapo mbegu zinamgeukia, anarudisha kila alichopoteza na kuchukua vyote vya Sheburungu, akiwemo baba yake aliyejificha huko.

Msikilizaji wa Kinyanga alikuwa akicheka sehemu hii, sina shaka. Miungu ya utendi huu ina hila, ina uchoyo, na inaweza kushindwa na kijana mwenye shangazi mzuri. Angeishia hapo, Rureke angekuwa ametupa hadithi ya mjanja aliyewazidi akili wakubwa. Hakuishia hapo.

Mwindo anarudi Tubondo, anawafufua waliokufa, baba anakiri makosa mbele ya watu, mwana anatawazwa. Siku moja anatamani nyama ya nguruwe mwitu. Anatuma Wambilikimo wakawinde, nao wanamezwa na Kirimu, zimwi la msituni lenye vichwa saba. Mwindo analiua, nyama inapikwa, waliomezwa wanatoka hai. Shangwe. Lakini huko juu Nkuba ananusa harufu, na harufu ile ni ya rafiki yake, kwa maana Nkuba na Kirimu walikuwa wamechanjiana. Nkuba yuleyule aliyemchomea Mwindo mji wa adui anashuka, anamchukua, anampandisha mbinguni. Mwaka mzima Mwindo anakaa huko bila paa, mvua inamchapa, jua linamkausha koo, na hakuna anayeogopa mgwisho wake. Anaachiliwa kwa sharti: asiue tena mnyama wa msituni wala wa kijijini. Anarudi akiwa ametulia, na kuanzia hapo anatawala kwa sheria.

Aliyemsaidia ndiye aliyemwadhibu, na adhabu ilimfika akiwa amekwisha kutawazwa, hana adui tena. Nkuba hakumlaumu kwa kuichoma Tubondo. Alimlaumu kwa kuendelea kuua kana kwamba bado yuko vitani.

Ukishaona hilo kwa Wanyanga, huwezi tena kusoma tendi nyingine ukapitwa nalo. Gilgamesh na Enkidu wanaingia msitu wa mierezi na kumuua Humbaba, mlinzi aliyewekwa na mungu Enlil. Kisha wanamuua Fahali wa Mbinguni. Miungu inakaa kikao, na uamuzi ni kwamba mmoja wa hao wawili afe. Anakufa Enkidu, kitandani, kwa ugonjwa, akilalamika kwamba hakupewa hata heshima ya kufa vitani. Huko Babeli ya kale pia zimwi la msituni lilikuwa na mwenyewe.

Kwa Wagiriki tumezoea kumtazama Athena akiwa uwanjani: anamshika Akile nywele asichomoe upanga dhidi ya mkuu wake, anamhadaa Hekta kwa sura ya ndugu yake ili asimame auawe. Ni nani aliyewapenda Wagiriki kuliko yeye? Lakini Troya ilipoanguka, Ayaksi wa Lokri alimburura Kasandra kutoka hekaluni mwa Athena, na Wagiriki wenzake hawakumwadhibu. Athena huyohuyo akawavunjia merikebu baharini walipokuwa wakirejea. Simulizi za kurudi kwao nyumbani ni ndefu sawa na za vita, na sehemu kubwa ni za maji na maiti. Katika Mahabharata deni linamfikia mungu mwenyewe. Krishna amewasaidia Wapandava kushinda, tena kwa hila nyingi. Vita vikiisha, Gandhari, mama aliyepoteza wana 100, anamlaani: ukoo wake utajimaliza baada ya miaka 36. Krishna hapingi. Miaka inafika, ukoo unauana, naye anakufa kwa mshale wa mwindaji uliompata mguuni.

Pwani yetu hadithi iko tofauti, na sitakaa nayo sana. Chuo cha Herkali cha Bwana Mwengo wa Pate, cha mwaka 1728, kinasimulia vita vikubwa kati ya Waislamu na Warumi kule Tabuk, ilhali kihistoria safari ya Tabuk ya mwaka 630 haikuishia kwenye mapigano. Humo Mungu ni mmoja, hapatani na malaika wake kwa kura, hana hasira za kindugu. Mshairi aliyeshika imani hiyo hana nafasi ya kumleta mungu mwenye daftari, na ndiyo maana ushindi katika utendi ule ni ushindi mtupu. Utamu wake uko kwingine.

Lakini kuna swali ambalo msomaji wa Kiswahili atauliza upesi: je, hayo yote hayawi kisingizio? Kama Zeus ndiye aliyepanga, binadamu ana kosa gani? Jibu bora ninalolijua liko katika kitabu cha 19 cha Iliadi. Agamemnoni, aliyemnyang'anya Akile mateka wake na kusababisha maafa, anasimama mbele ya jeshi na kusema kwamba si yeye, ni Zeus aliyempofusha akili. Mwanasiasa wetu angekaa chini hapo, kesi imekwisha. Agamemnoni haketi. Katika hotuba hiyohiyo anatangaza fidia: dhahabu, farasi, masufuria, wanawake. Hakuna hata mmoja katika mkutano ule anayeona kwamba maneno hayo mawili yanapingana. Mungu alinitia upofu, na ninayelipa ni mimi. Kwa Homer mungu anaongezwa juu ya kosa, na kosa linabaki pale lilipokuwa.

Sasa turudi Nakuru, maana kaskazini mwa mji kuna Menengai, na Menengai ina utendi wake ingawa hakuna aliyeuandika beti kwa beti. Ni shimo la volkano, upana wake kama kilomita 12 kwa 8, na kutoka ukingoni hadi chini ni karibu mita 500. Katika miaka ya 1870 Wamaasai walipigana wao kwa wao: Ilpurko na washirika wao kwa upande mmoja, Ilaikipiak kwa upande mwingine. Ilaikipiak walivunjwa. Simulizi inasema wengi wao walisukumwa wakatumbukia shimoni, na kwamba mvuke unaotoka kwenye nyufa ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda mbinguni. Wakikuyu waliokuja baadaye wakapaita mlima wa mashetani. Leo kwenye mapango yake wako Wakristo wanaofunga na kuomba. Chini shimoni nako, kampuni ya serikali ilianza kuchimba visima vya mvuke mwaka 2011, na kituo cha kwanza cha umeme, cha megawati 35, kikaanza kazi mwaka 2023.

Mungu wa Wamaasai, Enkai, ana nyuso mbili, nyeusi na nyekundu. Nyeusi ni ya mvua na huruma, nyekundu ni ya hasira. Wazee walieleza radi hivi: ule mpasuko wa karibu unaotikisa nyumba ni Mwekundu anayetaka kushuka kuua watu, na ile ngurumo ya mbali ni Mweusi anayemwambia awaache. Nimesoma maelezo mengi ya ugomvi wa miungu mbinguni, ya Olimpo na kwingineko, na sijaona yanayompa msikilizaji nafasi kubwa hivyo. Mtu yeyote aliyejikunja chini ya ngozi usiku wa masika alikuwa akisikiliza kesi yake mwenyewe ikisikizwa.

Hata hivyo Enkai hashuki uwanjani kama Athena. Hashiki mtu nywele. Anapitia kwa laiboni, kiongozi wa ibada na uaguzi, na laiboni ni binadamu. Ana wake, ana ng'ombe, ana ndugu wanaomwonea wivu. Morani hawakwenda kuteka mifugo bila dawa na baraka zake, na mifugo ikiletwa alipata fungu lake. Katika vita vya Menengai laiboni wa upande ulioshinda alikuwa Mbatian, yule ambaye Halford Mackinder alikipa jina lake kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya mwaka 1899. Hapa ndipo tofauti na Homer inapokuwa kubwa. Mshairi wa Kigiriki hakuwa na chochote cha kupata Zeus akiegemea upande huu au ule. Laiboni alikuwa nacho.

Menengai inavyosimuliwa siku hizi kwa wageni wanaopanda kutazama shimo, inaishia kwenye mvuke. Waliokufa wamekufa, walioshinda wameshinda. Naona ni utendi uliokatwa kabla ya sehemu yake nzito. Kwa maana baada ya ushindi yalifuata haya: katika miaka ya 1880 homa ya mapafu ilianza kuua ng'ombe. Karibu mwaka 1890 Mbatian akafa. Sotoka ikaingia ikafagia mifugo iliyobaki, pamoja na ile iliyotekwa kwa Ilaikipiak, kisha ndui ikawafuata wenye mifugo. Wamaasai wakakipa kipindi hicho jina la Emutai, yaani maangamizi. Wana wawili wa Mbatian, Olonana na Sendeyo, wakapigania urithi. Upande mmoja ulishikilia kwamba Olonana aliupata kwa hila, kwamba alimtangulia ndugu yake alfajiri kwa baba mzee asiyeona vizuri na kukabidhiwa rungu la chuma na pembe ya dawa. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Yakobo. Vita vya ndugu hao viliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Inasemekana Mbatian aliyatabiri yote hayo, magonjwa na ujio wa Wazungu. Nandi nao wana Kimnyole, orkoiyot, yaani laiboni wa kwao, aliyetabiri nyoka wa chuma atakayetoka bahari ya mashariki akitoa moto na moshi. Utabiri wa namna hii umetufikia kupitia vinywa vya watu waliokuwa tayari wameiona reli na kuzika ng'ombe wao. Sisemi ni uongo. Nasema unafanya kazi ileile anayoifanya Nkuba anaponusa harufu ya Kirimu: kuyaweka maafa kwenye hesabu, yasibaki ajali. Na Nandi, tofauti na majirani zao, hawakungoja mungu alete daftari. Mwaka 1890 vijana wao wengi waliangamia katika msafara ambao Kimnyole aliubariki. Watu wakamkamata orkoiyot wao, wakampiga kwa marungu hadi akafa. Agamemnoni alilipa kwa farasi, Kimnyole akalipa kwa mwili. Ukame na tauni vilipozidi baada ya hapo, walianza kusema kwamba sasa wanalipa wao. Mwanawe Koitalel arap Samoei akashika nafasi yake na kuwaongoza dhidi ya Waingereza hadi Richard Meinertzhagen alipomuua kwa hila, Oktoba 19, 1905.

Olonana alichagua njia nyingine, akasuhubiana na Waingereza. Agosti 1904 yeye na viongozi wengine walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa la kati, Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapewe. Sehemu moja ilipelekwa kusini mwa reli. Ilpurko na wengine wa kaskazini walipelekwa Laikipia. Yaani washindi wa Menengai walihamishwa kutoka Nakuru, wakapewa kuishi kwenye malisho ya watu waliowaangamiza. Mkataba uliahidi kwamba hapo ni pao daima. Rureke angepewa kisa hiki, angejua la kukifanyia.

Machi 1911 Olonana akafa. Serikali ya kikoloni, ambayo sasa iliitaka Laikipia pia, ikatangaza kwamba laiboni alipokuwa akikata roho aliwausia watu wake watii na wahamie kusini. Maofisa waliokuwa wakiwacheka Waafrika kwa kuamini waganga wakautumia wosia wa mganga kuhalalisha uhamisho, na mkataba wa pili ukatiwa alama mwaka uleule. Ng'ombe na kondoo wakaanza kusukumwa kusini, wengi wakafa njiani.

Waliopaswa kuutii wosia huo kuliko wengine wote walikuwa Ilpurko. Kiongozi wao, Parsaloi Ole Gilisho, hakuuchukulia kuwa neno la Enkai wala hakutafuta laiboni mwingine wa kuutengua. Walikusanya fedha wakaweka wakili. Mwaka 1913 kesi ikafika Mahakama Kuu mjini Mombasa kwa jina la Ole Njogo na wenzake, wakidai kwamba mkataba wa 1904 bado una nguvu na kwamba waliotia alama ule wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwauzia ardhi. Mahakama haikusikiliza ushahidi kuhusu wosia wala ardhi. Ilisema Wamaasai si raia wa Uingereza bali ni wageni walio chini ya ulinzi wake, kwamba mikataba ile ni ya dola na dola, na kwamba jaji hana uwezo wa kuigusa. Rufaa nayo ikatupwa Desemba mwaka huohuo.